Aliyefungwa Akafa kwa Njaa: Kambi za Barqa, 1930 – 1933

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake, Masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Mwanafunzi wa fiqhi anapofika katika mlango wa jinai ndani ya Minhaj al-Talibin ya Imam al-Nawawi (Allah amrehemu), hukuta mas'ala ambayo wengi huipita haraka. Mtu amemfungia mwenzake, akamnyima chakula na maji na akamzuia asivitafute, hata yule aliyefungwa akafa. Je, aliyefunga ni muuaji? Imam anaeleza kwamba ukipita muda ambao mtu wa hali kama ile kwa kawaida hufa kwa njaa au kwa kiu, basi hayo ni mauaji ya kukusudia. Hapakutumika upanga wala risasi. Hata hivyo sheria haikukubali kwamba njaa ndiyo iliyoua. Imemshika aliyefunga mlango.

Tumeanza na mas'ala hii kwa sababu tunataka kuitumia kama mizani ya kupimia tukio kubwa lililowapata Waislamu wa Barqa, mashariki ya Libya, baina ya mwaka 1930 na 1933. Makumi ya maelfu ya watu walikufa ndani ya kambi walizofungiwa na dola ya Italia. Wengi wao hawakupigwa risasi. Walikufa kwa njaa, kwa baridi na kwa homa, na kwa muda mrefu waliowafungia waliyaeleza mauti hayo kama mambo ya maradhi tu. Ni wajibu wetu kuuliza fiqhi inayaitaje.

KAMBI YA MATESO NI NINI?

Kwanza tuelewane juu ya jina. Gereza ni mahali pa aliyehukumiwa au anayengoja hukumu. Mateka wa vita ni mpiganaji aliyekamatwa vitani. Ama kambi ya mateso, ambayo Waarabu huiita mu'taqal, ni kitu kingine. Ni mahali ambapo dola huwakusanya raia, wakiwemo wanawake, watoto na wazee, bila ya kosa lililothibiti juu ya mmoja mmoja wao, kwa sababu tu ni watu wa kabila fulani au nchi fulani.

Jambo hili halikuanzia Libya. Mwaka 1896 Jenerali Valeriano Weyler wa Hispania aliwakusanya watu wa mashamba wa Cuba ndani ya miji yenye ulinzi ili wapiganaji wakose msaada, na watu wengi mno wakafa. Waingereza walifanya hivyo Afrika Kusini katika vita vyao na Makaburu vya 1899 – 1902, ambapo wanawake na watoto wa Kikaburu zaidi ya 20,000 walikufa kambini, na maelfu ya Waafrika weusi wakafa katika kambi zao za peke yao. Wajerumani nao, baina ya 1904 na 1908, waliwafungia Waherero na Wanama wa Namibia, na kisiwa cha Shark kule Lüderitz kikawa ni makaburi yao.

Kote humo hoja ilikuwa moja: mpiganaji hakamatiki, basi na akamatwe mama yake, mkewe na mwanawe. Na hapa Muislamu hahitaji kusoma sana ili ajue ubaya wa hoja hii. Qur'ani imerudia zaidi ya mara moja kwamba nafsi haibebeshwi mzigo wa nafsi nyingine. Kambi ya mateso imejengwa juu ya kinyume cha kanuni hiyo.

BARQA NA ZAWIYA ZAKE

Italia iliivamia Libya mwaka 1911, ilipokuwa chini ya dola ya Kiosmani. Mwaka uliofuata Waosmani walifunga mkataba wa amani na Italia, lakini wenyeji hawakuweka silaha chini. Katika Barqa waliosimamisha jihadi hiyo ni watu wa tarika ya Sanusiyya, iliyoasisiwa na Sayyid Muhammad bin Ali al-Sanusi, aliyefariki mwaka 1859. Zawiya yake ya kwanza katika nchi hiyo ilijengwa al-Bayda mwaka 1843, na baadaye Jaghbub ikawa makao makuu na chuo kikubwa cha elimu.

Zawiya hizi hazikuwa mahali pa dhikri peke yake. Zilikuwa madrasa, nyumba za wageni, mabaraza ya kusuluhisha makabila na ghala za chakula, na zilikuwa na ardhi na visima vya wakfu. Kwa hiyo aliyetaka kuivunja Barqa alilazimika kuzivunja zawiya.

Mtu aliyejulikana zaidi katika mapambano hayo ni Sheikh Omar al-Mukhtar (Allah amrehemu), mwalimu wa Qur'ani aliyesoma Jaghbub na kisha akawa sheikh wa zawiya ya al-Qusur. Tangu mwaka 1923, baada ya Sayyid Idris kuhamia Misri, yeye ndiye aliyeongoza vita katika milima ya al-Jabal al-Akhdar, naye ameshapita umri wa miaka sitini. Wapiganaji wake walikuwa wachache. Nguvu yao ilikuwa kwamba kila hema la bedui lilikuwa tayari kuwapa chakula, habari na ngamia.

UAMUZI WA MWAKA 1930

Mussolini alishika utawala wa Italia mwaka 1922. Mwanzoni mwa 1929 alimpeleka Pietro Badoglio kuwa gavana wa Libya, na mwezi wa Machi 1930 Jenerali Rodolfo Graziani akawa naibu gavana wa Barqa. Mwaka huo huo zawiya zilifungwa, mali zao zikachukuliwa, na masheikh wengi wakapelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Ustica nchini Italia.

Tarehe 20 Juni 1930 Badoglio alimwandikia Graziani barua ambayo leo inajulikana na wanahistoria wote wa jambo hili. Alimtaka awatenganishe kabisa raia na wapiganaji. Alikiri humo kwamba hatua hiyo inaweza kuwaangamiza watu wa Barqa, akasema kwamba hata ikiwa hivyo, lazima iendelezwe hadi mwisho. Tuizingatie barua hii, kwani katika fiqhi suala la kukusudia ndilo linalotenganisha aina za mauaji. Hapa mwenye amri ameandika kwa mkono wake kwamba anajua amri yake inaweza kuleta nini.

SAFARI NA KAMBI

Kuanzia katikati ya 1930 makabila ya al-Jabal al-Akhdar na ya upande wa mpaka wa Misri yaliondolewa kwa nguvu. Idadi yao inakadiriwa kuwa kiasi cha watu 100,000, yaani karibu nusu ya watu wote wa Barqa. Walisukumwa na wanyama wao kuelekea pwani kavu ya Ghuba ya Sirt, na waliotoka mbali zaidi walikwenda mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 wakati wa baridi. Aliyeshindwa kutembea hakungojewa.

Kambi zilikuwa nyingi, kubwa na ndogo. Zilizotajika zaidi ni al-Burayqa na Suluq, kila moja ikiwa na watu wapatao 20,000. Al-Maqrun, watu wapatao 13,000. Na al-Uqayla, kiasi cha watu 11,000. Hii ya mwisho ilikuwa kambi ya adhabu, na humo waliwekwa hasa jamaa za wapiganaji. Kila kambi ilikuwa ni safu za mahema yaliyochakaa ndani ya uzio wa waya wa miba, na chakula chake kikuu ni kibaba kidogo cha shayiri. Suluq na al-Maqrun kwa pamoja, zenye watu zaidi ya 30,000, zilikuwa na daktari mmoja.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa la wanyama. Bedui hali pesa. Hula maziwa, huvaa sufi na hulala chini ya hema la manyoya ya mbuzi. Mifugo iliyofungiwa mahali pasipo malisho ilikufa. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba kondoo na mbuzi wa Barqa waliokuwa 800,000 mwaka 1926 walibaki chini ya 100,000 mwaka 1933, na ngamia 75,000 walibaki 11,000. Hivyo watu hawa walinyang'anywa chakula chao kabla ya kunyimwa kingine.

Miongoni mwa waliotoa habari hizi mapema ni Knud Holmboe, kijana wa Denmark aliyesilimu, ambaye mwaka 1930 alivuka Libya kwa gari, akaziona kambi, akakamatwa na Wataliano na kufukuzwa nchini. Mwaka 1931 alichapisha kitabu juu ya aliyoyaona, nacho kikapigwa marufuku Italia. Mwaka huo huo aliuawa karibu na Aqaba akiwa njiani kuelekea Hijazi, naye hajatimiza miaka thelathini. Allah amrehemu.

SULUQ, TAREHE 16 SEPTEMBA 1931

Pamoja na kambi, Wataliano waliteka Kufra mwezi wa Januari 1931, kisha wakajenga uzio wa waya kando ya mpaka wa Misri, wenye urefu wa karibu kilomita 300. Msaada ukakatika pande zote. Tarehe 11 Septemba 1931 Sheikh Omar al-Mukhtar alikamatwa baada ya farasi wake kuanguka. Alipelekwa Benghazi, akahukumiwa tarehe 15 kama muasi na si kama mateka wa vita, na siku ya pili akanyongwa.

Pa kumnyongea palichaguliwa kwa makusudi. Hakunyongwa mjini. Alipelekwa Suluq, na wafungwa wapatao 20,000 wakaletwa wamtazame. Walitakiwa waone kwamba kila walichokitegemea kimekwisha. Mwezi wa Januari 1932 Badoglio alitangaza kuwa vita vimemalizika, lakini kambi hazikufungwa siku hiyo. Watu walizuiliwa humo hadi mwaka 1933 na baada yake kidogo. Waliotoka walikuta ardhi nzuri ya milima imeshatengwa kwa ajili ya walowezi, na mwaka 1938 Wataliano 20,000 waliletwa Libya kwa mkupuo mmoja.

Wangapi walikufa? Mwanahistoria wa Italia Angelo Del Boca anakadiria wasiopungua 40,000. Ali Abdullatif Ahmida, msomi wa Kilibya aliyekusanya maneno ya walionusurika kwa miaka mingi na kutoa kitabu chake mwaka 2020, anasema ni baina ya 60,000 na 70,000. Tukichukua hata hesabu ndogo zaidi, ni watu wanne katika kila kumi waliofungiwa.

HAKI YA MATEKA KATIKA SHERIA

Tukirudi katika vitabu vyetu, tutakuta kwamba haki ya mfungwa haikuachiwa huruma ya mwenye funguo. Katika Surat al-Insan, aya ya 8, Mwenyezi Mungu (s.w.) amewasifu waja wema kwa kumlisha maskini, yatima na mfungwa, ilhali chakula hicho wao wenyewe wanakipenda. Wafungwa wa zama hizo ni wale waliokuja kuwapiga Waislamu vita. Baada ya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, mateka Abu Aziz bin Umayr alisimulia jinsi Maansari walivyompa yeye mkate, nao wakala tende, kwa ajili ya usia wa Mtume (s.a.w.). Na imepokewa kwa Bukhari na Muslim hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Ikiwa hii ni hukumu ya paka, vipi kwa mtoto wa bedui aliyezuiwa nyuma ya waya wa miba?

Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid katika Kitab al-Kharaj kwamba wafungwa wapewe posho yao kutoka Baitul-Mali na nguo za baridi na za joto, na wasitolewe na minyororo kwenda kuomba sadaka. Akaongeza kwamba mfungwa akifa naye hana jamaa, aoshwe, akafiniwe, asaliwe na azikwe kwa mali ya Baitul-Mali. Ibn Taymiyya naye, alipozungumza na Watatari juu ya mateka, hakuridhika waachiwe Waislamu peke yao, akataka waachiwe na Mayahudi na Wakristo waliokuwa chini ya dhima.

Hatusemi kwamba fiqhi ya kale haikujua kutekwa kwa wanawake na watoto. Iliijua, kama dunia yote ya zama zile ilivyoijua, na mlango wake umeandikwa. Lakini hata humo imeharamishwa kuwaua, imekatazwa kumtenganisha mama na mwanawe, na nafaka yao imewekwa juu ya aliyewashika. Ama kuwakusanya watu na kuwaacha wafe, hakuna madhehebu iliyolihalalisha hilo.

Wala tusidhani kwamba sheria za kimataifa za wakati huo zingewafaa watu wa Barqa. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ulihusu wanajeshi waliotekwa. Raia walisubiri mpaka 1949, baada ya dunia kuona kambi za Ulaya zilizowaangamiza mamilioni ya Mayahudi na wengineo, ndipo ukaandikwa mkataba wa kuwalinda wao.

Kwa mizani hii jawabu la mas'ala yetu liko wazi. Aliyewafungia alijua, aliwazuia wasitafute, na muda wa kufa kwa njaa ulipita mara nyingi. Haya si mauti ya maradhi. Ni mauaji.

ILIYOPITA PWANI YETU

Msomaji wa Afrika Mashariki asione kuwa habari hii ni ya mbali. Mwaka 1935 Graziani huyo huyo alihamishiwa Somalia kuwa gavana, na mwaka uliofuata akawa mtawala wa Uhabeshi. Kusini ya Mogadishu, katika pwani ya Banadir ambayo ndiyo pwani ya maulamaa wa Barawa waliosomesha hadi Unguja, palikuwa na kambi ya Danane. Humo walifungiwa maelfu ya Wahabeshi, wengi wao Wakristo, hasa baada ya mauaji ya Addis Ababa ya Februari 1937, na wengi wakafa kwa homa, njaa na maji mabaya. Mizani tuliyoitumia kwa Muislamu wa Suluq ndiyo ya Mkristo wa Danane.

Na hukumu haibadiliki kwa dini ya mfungaji. Miongoni mwa askari waliotumiwa na Wataliano Libya walikuwemo Waislamu wa Eritrea na Walibya wenyewe. Na kabla ya Wataliano kuzaliwa, wanahistoria wetu wamesimulia gereza la al-Hajjaj bin Yusuf kule Wasit, lisilokuwa na paa, ambamo watu wengi walikufa kwa jua na baridi. Maulamaa hawakumtetea kwa kuwa ni Muislamu.

NI NANI MWENYE HAKI YA KUSAMEHE?

Graziani hakuhukumiwa kwa lolote alilolitenda Barqa. Mwaka 1950 mahakama ya kijeshi ya Italia ilimpa miaka 19 kwa kushirikiana na Wajerumani, akaachiwa mwaka huo huo, akafa mwaka 1955. Filamu ya Lion of the Desert ya 1981, inayomhusu Sheikh Omar al-Mukhtar, ilizuiwa Italia mwaka 1982 na haikuonyeshwa katika televisheni ya huko mpaka 2009. Mwaka 2012 mji mdogo wa Affile ulimjengea Graziani mnara wa kumbukumbu.

Tarehe 30 Agosti 2008, katika mji wa Benghazi, waziri mkuu wa Italia Silvio Berlusconi aliomba radhi kwa yaliyofanywa enzi za ukoloni, na ukatiwa saini mkataba wa dola bilioni 5 katika muda wa miaka 20. Kuomba radhi ni jambo jema na hatulidharau. Lakini fedha hizo zilikusudiwa barabara na majengo, tena yajengwe na makampuni ya Italia, na mwaka 2011 mkataba wenyewe ukasimamishwa vita vilipozuka Libya.

Hapa fiqhi ina neno. Mtu akiuawa, kisasi, diya na msamaha ni haki ya warithi wake. Mtawala hasamehi kwa niaba yao ilhali wapo. Mifugo iliyoangamizwa ni mali iliyoghusubiwa, na dhamana yake ni kwa mwenye mali na warithi wake. Wajukuu wa waliokufa al-Uqayla wako hai mpaka leo. Deni la bibi yao halikuingia katika hesabu ya barabara.

MAFUNZO

Lililobaki la kambi hizi limehifadhiwa zaidi na vifua kuliko karatasi. Rajab Buhwaysh al-Minifi, msomi na mshairi aliyefungwa al-Uqayla, alitunga humo shairi refu la kueleza maisha ya kambi, na Walibya wakalihifadhi kwa moyo na kulirithishana. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kituo cha utafiti wa historia kule Tripoli kilianza kurekodi maneno ya wazee walionusurika. Kama si ulimi wa watu hao, tungekuwa na barua za majemadari peke yake.

Tunawausia maimamu na wanafunzi wetu mambo matatu. Kwanza, mas'ala za mfungwa zisipitwe haraka madrasani. Mfungwa asiyejua Ramadhani imeingia lini hufanya ijitihadi akafunga. Asiyepata maji wala udongo husali faradhi kwa kuheshimu wakati wake, kisha hurudia. Kwa watu wengi katika historia haya hayakuwa maswali ya mtihani. Pili, tuwe na hadhari na hesabu zinazosema watu wamekufa kwa maradhi, bila ya kusema nani alikuwa na ufunguo. Tatu, mwenye mahabusi chini ya mkono wake, awe askari, mkuu wa gereza au mwenye nyumba aliyemfungia mtumishi wake, ajue kwamba njaa ya mtu huyo iko shingoni mwake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awarehemu waliokufa Barqa, awape kheri walioihifadhi habari yao, na amfungulie kila aliyefungwa kwa dhulma. Wabillahi tawfiq.